Hakuna Mtu Anayetafuta Shikamoo

Ninyi vijana mnaokaa pale Lipangalala na kompyuta mapajani, mkisema mnatengeneza tovuti, kaeni sawa. Anayewaandikia alianza kazi hiyo kabla baadhi yenu hamjajua kupenga kamasi. Nimeishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa sababu mwalimu mkuu alichoka kuniona. Lakini leo ukitafuta kwenye simu fundi pancha wa trekta Ifakara, mashine ya kukoboa mpunga Kidatu, keki ya harusi au jeneza la haraka sehemu yoyote ya bonde hili la Kilombero, kuna uwezekano mkubwa unayoyasoma ni maneno yangu. Mimi ndiye Fundi Gaspari. Nina miaka hamsini na mbili na nimestaafu mwaka huu. Sikustaafu kwa uzee. Nimestaafu kwa sababu sioni tena wa kushindana naye. Sasa nafuga perege, na hata perege wangu wana tovuti.

Nilianza nikiwa mchora mabango. Yule simba wa ukutani pale stendi, ambaye watu husema anafanana na mbuzi, ni wangu, na anafanana na simba. Nawaambieni hili la mabango kwa sababu ndilo lililonipotosha miaka mingi, na naona linawapotosha na ninyi. Bango linamwita mtu anayepita. Ndiyo maana kila duka la Ifakara linaitwa jina kubwa kuliko mlango wake. Kinyozi mwenye kiti kimoja anaitwa Kasri la Kimataifa. Ukutani ni sawa, mtu anapita, anacheka, anaingia. Tovuti haimwiti mtu. Tovuti inamjibu mtu aliyekwisha kuuliza. Na hakuna binadamu, tangu simu zije, aliyeandika kwenye simu yake "nataka kunyolewa kwenye kasri". Anaandika "kinyozi Ifakara karibu na stendi". Ukishika hilo tu, unaweza kuacha kusoma hapa ukaenda kutafuta kazi. Lakini usiache, ng'ombe bado hawajafika.

Kompyuta nilifundishwa na Zainabu, mwenye duka la stesheneri karibu na soko. Nilimchorea bango, yeye akanifundisha, na kila mmoja wetu anaamini mpaka leo kwamba mwenzake alipunjwa. Mama yule hana adabu na wanafunzi wake. Siku moja nilimtengenezea tovuti mwenye saluni, nikasikia kwamba mtambo wa kutafuta unapenda neno likirudiwa. Nikaandika neno "saluni" mara mia tatu chini ya ukurasa, kwa herufi nyeupe juu ya rangi nyeupe, ili mteja asione ila mtambo uone. Nilijiona nina akili kuliko waliouunda. Baada ya wiki chache ile saluni ikapotea kabisa. Hata ukiandika jina la mwenyewe, huioni.

Nikamkimbilia Zainabu. Akaniuliza, "Fundi, mtu akiingia kwako akikwambia saluni saluni saluni mara mia tatu, utafanyaje?"

"Nitamwita mwenyekiti wa mtaa."

"Basi mtambo umemwita mwenyekiti."

Tangu siku hiyo neno langu kuu naliweka kwenye kichwa cha ukurasa, naliweka kwenye sentensi ya kwanza, halafu naendelea kuzungumza kama mtu mzima. Likirudi lenyewe kwa sababu habari inalihitaji, lirudi. Silivuti kwa kamba.

Sasa nije kwa Mama Adelina wa Mang'ula, maana ndiye aliyenifanya niwe fundi. Zamani nilikuwa najiita tu.

Mama Adelina ni mjane. Mumewe alimwachia gesti ya vyumba sita, njia ya kwenda geti la hifadhi ya Udzungwa, yenye uzio wa michongoma na geti la bluu. Nyumba safi, shuka zinanukia jua, lakini wageni hawakuwa wakiijua. Mdogo wa marehemu, Bwana Kalisti, ni mfanyabiashara wa mpunga, na alikuwa ameitamani ile nyumba iwe ghala. Kikao cha ukoo kikakaa. Kikaamua hivi: mpunga wa msimu ule ukianza kuvunwa na vyumba bado ni vitupu, gesti inakuwa ghala la Kalisti, na Mama Adelina anahamia kwenye banda la uani, ubavuni mwa kuku. Ilikuwa imebaki miezi minne na kitu.

Huyo Kalisti, mjue, tangu kaka yake azikwe alikuwa hampi shemeji yake shikamoo. Anaingia, anasema "Vipi humu ndani?", anatoa futi kamba mfukoni, anapima kuta. Mama Adelina aliniambia kwamba hilo la futi analistahimili, lakini la salamu linamkereketa mpaka tumboni.

Nikamwambia, "Mama, umefika kwa mtu sahihi. Ndani ya wiki mbili watu watalala kwa zamu."

Nikaandika ule ukurasa kwa moyo wangu wote. Na hapa ndipo nilipokosea kosa ambalo mtu wa nje asingeweza hata kulifikiria. Mimi nimelelewa. Kwetu huwezi kumtajia mgeni chumba wala bei kabla hujamuuliza hali ya kwao, utaonekana mnyang'anyi. Kwa hiyo ukurasa nikaupa jina "Karibu Sana", halafu ukaanza hivi: "Shikamoo mgeni wetu. Kama wewe ni mdogo, marahaba. Habari za utokako? Habari za nyumbani? Mpunga umestawi? Ng'ombe hawajambo? Ndama je, wamepona? Malisho yapo? Pole na vumbi. Pole na jua. Pita ndani, kuna maji na kivuli, pumzika kwanza, mazungumzo yatafuata." Salamu ilijaza kioo cha simu mara tatu. Neno "vyumba" lilikuwa chini kabisa, moja, kwa aibu, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Mama Adelina aliposoma alitokwa na machozi. "Fundi," akasema, "hii ndiyo heshima. Watu wa siku hizi hawana."

Tukakaa kusubiri simu. Wiki mbili zikapita, zikawa tano. Simu ikawa inaita mara moja moja, na kila mara ni binti yake anauliza kama simu inaita.

Asubuhi moja nilikwenda Mang'ula kumpa moyo. Tukiwa barazani tukasikia honi. Lori limesimama nje ya geti la bluu, na nyuma yake kuna pembe. Akashuka mzee mrefu mwenye kofia pana na fimbo, Msukuma, mnunuzi wa ng'ombe, akajitambulisha kwa jina la Masanja. Lori lake limekata springi, wanyama wana kiu, na ameona kwenye simu kwamba hapa wanapokelewa.

"Kina nani wanapokelewa?" Mama Adelina akauliza.

"Ng'ombe, mama."

"Ng'ombe wangapi?"

"Ishirini na saba. Ila mmoja hana raha, huyo tutamlaza pembeni."

Kabla hatujakubaliana, dereva alikwishafungua. Wanangu, nimeona mafuriko ya mto Lumemo, lakini sijaona kitu kinachoingia getini kama wale ng'ombe. Mmoja alianza na maua. Wawili wakaenda kwenye kamba ya nguo wakachagua shuka ya chumba namba tatu, kila mmoja akashika upande wake. Dume moja lenye madoa likaingia mapokezi, likasimama mbele ya meza, likatulia pale kama linasubiri kuandikishwa.

Na ni wakati huohuo Kalisti akatokea na bodaboda, futi mkononi. Aliangalia mapokezi, akaangalia shuka, akatabasamu polepole mpaka meno ya nyuma yakaonekana.

"Vipi humu ndani? Naona wageni wameanza kumiminika, shemeji," akasema. "Huyu wa madoa umempa chumba namba ngapi? Na kifungua kinywa mnampa nyasi au anajitegemea?"

Mama Adelina alikwenda kuvuta shuka. Mimi nilijifanya nachunguza bawaba ya mlango. Kalisti akapima mapokezi, yaani akampita ng'ombe na futi kamba, akaandika, akaondoka akipiga mluzi.

Tulipowatoa wanyama na kuwanywesha nje, Masanja alikaa na mimi kwenye gogo. Hakuwa na hasira. Akanionyesha simu yake. Alikuwa ameandika "pa kupumzisha ng'ombe Mang'ula maji malisho", na jibu la kwanza lilikuwa mimi. Mimi Gaspari! Kwa muda kidogo nilijisikia vizuri, maana ilikuwa mara ya kwanza kuwa wa kwanza. Ng'ombe, ndama, malisho, maji, kivuli, pita ndani, pumzika. Mtambo ulisoma salamu yangu neno kwa neno, ukaamini. Haujalelewa Ifakara. Haujui kwamba tukiuliza habari za ng'ombe tunamaanisha mwenye ng'ombe.

"Ngosha," nikamwambia, kama Wasukuma wanavyoitana, "unisamehe. Ile ilikuwa salamu."

"Naiona ni salamu," akasema. "Umenisalimia kuliko mama mkwe wangu. Nimesoma mpaka kidole kimechoka. Lakini mpaka nafika hapa sikujua unauza nini."

Nikamwomba anifundishe. Mnaonijua mnajua hilo si jambo dogo.

"Mimi nikiingia mnadani," akaendelea, "siulizi habari za baba yake ng'ombe. Nauliza dume au jike, ana miaka mingapi, yuko zizi lipi. Mwenye kunijibu hayo haraka ndiye ninayemfuata. Salamu ndefu tunapeana baada ya kufunga kamba."

Andikeni hilo mahali. Kitu gani, cha namna gani, kiko wapi. Mzee yule hakuwahi kukaa mbele ya kompyuta, na amenifundisha kwa kifupi kuliko vitabu vyote ambavyo sikusoma.

Nilirudi Mang'ula wiki iliyofuata na ndoo ya rangi na brashi. Ukishika ndoo ya rangi hakuna anayekuuliza unafanya nini mahali popote pale. Siku tatu nilikaa stendi ya mabasi na kwenye stesheni ya treni, najifanya nakagua kuta, kumbe nasikiliza watu wanavyouliza wakishuka. Daftari langu ninalo mpaka leo. Hakuna hata mmoja aliyesema "malazi". Hakuna aliyesema "hadhi ya juu" wala "huduma zisizo na kifani", maneno ambayo niliyapaka kwenye kuta za nusu ya wilaya. Walisema, "Kuna gesti safi karibu na geti la hifadhi?" Walisema, "Maji ya moto yapo?" Dereva mmoja alitaka kujua kama gari litalala ndani ya uzio. Mwongoza wageni alitafuta pa kulaza wanafunzi kumi na wawili wanaokwenda kuangalia maporomoko. Na kitu ambacho sikukitegemea: watu saba, kwa siku tatu, waliuliza gesti isiyo na muziki.

Nikakimbia kwa Mama Adelina. "Mama, kwako kuna muziki?"

Akainamisha kichwa. "Fundi, unanitia aibu. Sina baa. Sina hata redio, iliharibika."

"Mama! Hiyo ndiyo mali yako!"

Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba kukosa paa ni bahati.

Nikaandika upya. Kichwa cha ukurasa: "Gesti tulivu Mang'ula, karibu na geti la hifadhi ya Udzungwa". Sentensi ya kwanza: vyumba sita vya neti na maji ya moto, gari linalala ndani ya uzio, hakuna muziki. Basi. Wanafunzi nikawapa ukurasa wao peke yao, maana ukurasa mmoja ukiupa maneno ya kila mtu unakuwa kama gunia la mchanganyiko, hakuna anayejua bei yake. Picha ambazo zilikuwa na majina ya namba tupu kama zilivyotoka kwenye simu, nikazibadilisha, "chumba cha watu watatu gesti Mang'ula", kwa sababu mtambo hauna macho, unasoma jina. Nyumba nikaiweka kwenye ramani ya simu, na kwenye kila ukurasa nikaandika laini mpya ya simu, ya kazi tu. Zainabu akaandika sehemu ya Kiingereza, nami nikamsimamia asijaze maneno makubwa. Anadai ni yeye aliyenisimamia.

Tulibishana na Mama Adelina mara moja tu. Nilikuwa nimeona watu wengi wanatafuta gesti yenye bwawa la kuogelea, nikataka kulitia.

"Bwawa lipi?" akauliza.

"Lile la nyuma."

"Lile la bata, Gaspari?"

Nikalifuta. Alikuwa sahihi. Neno linaloleta mgeni ambaye utamdanganya linakuletea mgeni mmoja na matusi ya kudumu, maana siku hizi wageni huandika walichokiona. Hata maji ya moto niliandika ukweli, kwamba yanachemshwa kwa kuni kwenye pipa. Mnajua kilichotokea? Watu wa mjini walianza kuja kupiga picha pipa.

Lakini hawakuja mara moja, na hapo ndipo vijana wengi mnapoharibu. Mnabadilisha maneno leo, kesho mnachungulia, keshokutwa mnabadilisha tena. Mtambo unapita kwa wakati wake, kama mkaguzi. Mimi nilingoja kwa utulivu mkubwa. Mke wangu anasema nilikonda na nilikuwa nazungumza na kuku, lakini alikuwa haelewi kazi. Huku mpunga ukaanza kuwa wa manjano. Kalisti naye, bila kuuliza, akaleta mbao za kupangia magunia, maturubai na mzani, akavijaza chumba namba sita. "Naanza kujizoesha," akamwambia shemeji yake, salamu hakuna.

Simu ya kwanza ilikuwa ya mwalimu mmoja wa kike. Aliuliza swali moja: ni kweli hakuna muziki? Mama Adelina hakujua ajibu nini, akainua simu juu hewani. Tukakaa kimya sote. Jogoo hakuwika, Mungu amlinde. Baada ya muda sauti ikasema, "Nakuja Ijumaa, niwekee siku tano."

Baada ya huyo wakaja wawili, kisha wale wanafunzi kumi na wawili na mwalimu wao, wakalala wanne wanne. Mzee Masanja naye akarudi, safari hii bila ng'ombe, akalala namba moja, na asubuhi akaniambia nimtengenezee ukurasa wake wa kununua mifugo. Ile salamu yangu ya ng'ombe sikuitupa, nilimpa yeye, inamfanyia kazi mpaka leo. Na kwenye ukurasa wa Mama Adelina salamu fupi ipo, chini kabisa, baada ya namba ya simu, pale ambapo kamba imekwisha kufungwa.

Ikafika wiki ambayo mashamba ya kwanza yalianza kuvunwa. Kikao cha ukoo kilipangwa Jumapili. Alhamisi mchana nilikuwa barazani kwa Mama Adelina, vyumba vitano vina watu, simu ya kazi ikaita. Akaifungulia sauti, maana mikono ilikuwa na unga.

"Haloo, hapo ni ile gesti tulivu ya Mang'ula?"

Tukatazamana. Ilikuwa sauti ya Kalisti. Alikuwa Ifakara na wanunuzi wake watatu wa mpunga, watu wakubwa, anawaleta kuliona ghala lake jipya. Wamekataa kulala penye kelele. Akaandika shida yake kwenye simu, mtambo ukamjibu, akabonyeza namba ya kwanza bila kungoja picha zifunguke, kwa kuwa bando lilikuwa linamwishia.

Mama Adelina akajifuta mikono polepole. "Ndiyo, ni hapa."

"Nina wageni watatu. Wazito. Kuna chumba cha watu watatu?"

"Kipo kimoja kimebaki. Neti zipo, maji ya moto yapo."

"Safi sana! Nishikie hicho, usimpe mtu. Mko upande gani?"

"Njia ya geti la hifadhi. Uzio wa michongoma, geti la bluu."

Tulisikia pikipiki zikipita kule Ifakara alikosimama, zile zilizomficha sauti ya shemeji yake.

"Geti la bluu," akasema, "lenye tundu chini?"

"Ulilolitoboa wewe na bodaboda, shemeji."

Wanunuzi tuliwasikia wakimuuliza, "Vipi mzee, umepata au hujapata?" Nilikuwa nimeshika mdomo kwa mikono yote miwili. Kisha sauti ikarudi, ndogo, imepungua nusu.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Kalisti," akasema Mama Adelina. "Chumba chenu ni namba sita. Wahi uje utoe mbao zako na mzani, nataka kutandika."